Walipojiona Hawatoshi: Imani ya Kikristo Wakati wa Kujitilia Mashaka

Utangulizi

Kitabu cha jubilei hupenda kusimulia ushindi. Humo tunahesabu majengo yaliyokamilika, waliobatizwa, waliopata kipaimara, na watumishi waliotoka katika usharika wetu wakaenda kuhudumu mahali pengine. Ni vyema na ni haki kumshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini msomaji, hasa kijana, asomapo kurasa hizo anaweza kudhani kwamba waliotutangulia walikuwa watu wa namna nyingine: watu wasioyumba wala kujiuliza kama wanafaa kwa kazi waliyopewa. Kisha hujitazama, akayaona mashaka yaliyomo moyoni mwake, akahitimisha kwamba yeye si wa ukoo ule wa imani.

Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba hitimisho hilo si la kweli kihistoria, wala si la kweli kiimani. Kanisa la Kilutheri, huko lilikoanzia na hapa kwetu katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, limejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliojiona hawatoshi. Usharika wetu wenyewe ulianza katika miaka ya 1920, wakati ambapo swali lililokuwa mioyoni mwa Wakristo wengi wa nchi hii lilikuwa moja: Je, sisi twaweza? Swali hilo halijakoma. Katika miaka ya utumishi wangu nimelisikia kwa wainjilisti, kwa wazee wa kanisa wapya, kwa akina mama wajane, kwa wanafunzi waliofeli mitihani, na kwa wachungaji wenzangu. Hivyo inatupasa kuuliza: waliotutangulia walipata wapi moyo?

Kujitilia mashaka katika Maandiko Matakatifu

Kabla ya kuingia katika historia ya Kanisa, tukumbuke kwamba Biblia haifichi hali hii. Musa, alipotumwa kwa Farao, alitoa udhuru baada ya udhuru: kwamba yeye si kitu, kwamba watu hawatamwamini, kwamba ulimi wake ni mzito, na mwishowe akaomba atumwe mtu mwingine (Kutoka 3 na 4). Gideoni alisema ukoo wake ni maskini na kwamba yeye ndiye mdogo kuliko wote nyumbani kwao (Waamuzi 6). Yeremia alitaja utoto wake. Eliya, baada ya ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli, alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba afe, akijiona si bora kuliko baba zake (1 Wafalme 19).

Tuangalie jinsi Mungu anavyowajibu watu hawa. Hatumsikii akimwambia Musa kwamba anajidharau bure na kwamba ni msemaji hodari. Hamwambii Gideoni kwamba ukoo wake una nguvu kuliko anavyodhani. Jibu lake kwa kila mmoja ni lile lile: Mimi nitakuwa pamoja nawe. Mungu hajibu swali la “mimi ni nani?” kwa kumsifu mtu, hulijibu kwa kujitaja yeye mwenyewe. Na kwa Eliya aliongeza mambo ya kawaida kabisa. Kwanza alimpa chakula, maji na usingizi. Ndipo akasema naye. Ndipo akamjulisha kwamba wako wengine elfu saba waliobaki waaminifu. Na mwisho akampa Elisha awe mwenzake. Tutaona kwamba mpangilio huo unajirudia mara nyingi katika historia ya Kanisa letu.

Dk. Martin Luther na majaribu yake

Wengi wetu tumezoea kumwona Dk. Martin Luther katika picha moja tu, ile ya mtu aliyesimama mbele ya Kaisari mjini Worms mwezi wa Aprili 1521 akakataa kuyakana maandiko yake. Ni kweli alisimama hivyo tarehe 18 Aprili. Lakini tusisahau kwamba tarehe 17, siku ya kwanza alipoulizwa, hakujibu. Aliomba muda wa kufikiri, naye akapewa siku moja. Siku hiyo moja ni sehemu ya historia yetu sawasawa na jibu lenyewe.

Mapambano yake yalianza mapema zaidi. Alipoingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Erfurt, Julai 1505, alikuwa akitafuta amani na Mungu. Aliyoyakuta yalikuwa kinyume. Kadiri alivyojichunguza, ndivyo alivyozidi kujiona mchafu. Aliungama kwa muda mrefu, na alipomaliza akakumbuka dhambi nyingine. Alipoadhimisha misa yake ya kwanza mwaka 1507 alitetemeka, akijiuliza mtu kama yeye anathubutuje kusema na Mungu aliye hai.

Mungu alimpa msaada kwa njia ya mtu. Johann von Staupitz, mkuu wake katika utawa, hakumwambia ajichunguze zaidi. Alimwelekeza aache kujitazama na autazame msalaba wa Kristo. Tena Staupitz ndiye aliyemshurutisha achukue shahada ya udaktari wa theolojia. Luther alitoa sababu nyingi za kukataa, hata akasema kazi hiyo itamwua, lakini mkubwa wake hakuzikubali, na mwezi wa Oktoba 1512 Luther akafanywa Daktari. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Miaka ya baadaye, mashaka yalipomjia na kumwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kufundisha kinyume cha wakuu wote wa Kanisa, Luther aliweza kujibu kwamba hakujituma mwenyewe. Aliitwa, alikula kiapo cha kuyafundisha Maandiko kwa uaminifu. Wito uliotoka nje ya moyo wake ulimshika pale ambapo moyo wake haukuweza kujishika.

Wala mapambano hayo hayakuisha alipoigundua Injili ya kuhesabiwa haki kwa imani. Mwaka 1527, miaka kumi baada ya hoja 95, ulikuwa miongoni mwa miaka migumu kuliko yote maishani mwake. Tarehe 6 Julai aliugua ghafla hata akadhani anakufa, na baada ya hapo roho yake ilizama katika giza kwa miezi mingi. Aliwaandikia rafiki zake akiwasihi wamwombee. Katika mwaka huohuo tauni iliingia Wittenberg, naye na mkewe Katharina wakabaki mjini kuwahudumia wagonjwa nyumbani mwao. Mtu aliyekuwa akihubiri neema kwa wengine alihitaji kuhubiriwa neema hiyo na mchungaji wake, Johannes Bugenhagen.

Kutoka katika miaka hiyo ndipo ilipotoka Katekisimo Ndogo, mwaka 1529, ambayo kila mmoja wetu ameikariri kabla ya kipaimara. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo Luther anafundisha kwamba dhamiri inapotulemea tuukimbilie ubatizo wetu, na kujikumbusha kwamba tumebatizwa, na kwa hiyo ahadi ya wokovu ni yetu. Asemapo hivyo anatufundisha dawa aliyoinywa yeye mwenyewe. Tuzingatie pia kwamba hakusema tuikimbilie imani yetu. Alijua imani ya mtu hupanda na kushuka. Ubatizo ni tendo la Mungu. Lilitendeka siku fulani, mahali fulani, mbele ya mashahidi, na haliwezi kufutwa na usiku mmoja wa mashaka.

Mfano mwingine ni wa Philipp Melanchthon. Ungamo la Augsburg, ambalo kila mchungaji wa Kilutheri huahidi kulifuata siku ya kubarikiwa kwake, lilisomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530. Aliyeliandika ni Melanchthon, mtu mpole mwenye hofu nyingi, ambaye katika majuma hayo alikuwa hapati usingizi kwa wasiwasi na alilia mara kwa mara. Luther, aliyekuwa katika ngome ya Coburg kwa kuwa hakuruhusiwa kufika Augsburg, alimwandikia barua za kumtia moyo na kumkemea kwa upendo, akimkumbusha kwamba shauri lile ni la Kristo, si la Philipp. Hivyo ungamo letu la imani, lenye maneno thabiti hivyo, liliandikwa na mkono uliotetemeka.

Sharika zilizobaki bila wachungaji

Sasa tuje nyumbani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakaanza kazi Machame, kisha Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Mwaka huohuo wa 1896, mwezi wa Oktoba, wamisionari wawili vijana, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Meru. Hata hivyo kazi iliendelea. Nkoaranga ilianzishwa mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Shule zilifunguliwa, walimu wenyeji wakafundishwa, na wazee wakachaguliwa. Lakini mambo makubwa yote yalibaki mikononi mwa wamisionari: kubatiza, kushirikisha Chakula cha Bwana, kuamua, kutunza fedha na kuandika taarifa. Hapakuwa na Mchagga, Mmeru wala Mwarusha hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji.

Ndipo vita vikaja. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi. Tanga ikaangukia mikononi mwao mwezi wa Julai, na Dar es Salaam mwezi wa Septemba. Usambara na pwani, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa. Kilimanjaro baadhi yao waliachwa kwa muda, lakini mwaka 1920 wale waliokuwa raia wa Ujerumani walifukuzwa, akiwamo Dk. Bruno Gutmann wa Moshi. Walibaki wachache tu ambao asili yao ilikuwa nchi za Baltiki, na hao hawakuweza kuzifikia sharika zote. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia katika miaka ya 1920, na Wajerumani wakaanza kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka hiyo. Lakini kwa miaka kadhaa, Jumapili baada ya Jumapili, aliyesimama mbele ya waumini katika sehemu nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini.

Hebu tuipime hali hiyo kwa makini. Mwalimu huyu elimu yake ilikuwa ya miaka michache. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na mara nyingine haukuwapo kabisa. Vita vilikuwa vimechukua wanaume wengi kuwa wapagazi, chakula kilikuwa haba, na mwishoni mwa mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote ikaifikia nchi hii pia. Watu walikufa, na mwalimu ndiye aliyepaswa kuzika na kufariji. Majirani wasioamini walikuwa na haki ya kuuliza: dini hii ya wageni, wageni wakiisha kuondoka, itabaki? Bila shaka yeye mwenyewe aliuliza.

Hali hiyo haikuwa ya Kilimanjaro peke yake. Uzaramo, sharika zilizoachwa na wamisionari ziliongozwa na Martin Ganisya, mwalimu aliyewahi kuwa mtumwa na kukombolewa. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu ambaye dunia ilimhesabu kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa ndiye aliyewekwa kulilinda kundi la Mungu wakati wa hatari. Bukoba, ambako wamisionari wa Betheli walikuwa wamefika mwaka 1910 tu, Wakristo wachanga walilazimika kusimama kabla hawajajifunza vema kutembea. Kusini, katika nchi ya Wanyakyusa, sharika zilipata msaada wa Waskoti kutoka Livingstonia, lakini mzigo wa kila siku ulikuwa wa walimu na wazee wenyeji.

Waliwezaje? Hawakuwa na vitu vingi. Walikuwa na Katekisimo Ndogo, nyimbo, sala, na sehemu za Maandiko zilizokuwa zimetafsiriwa. Walikuwa pia na wao kwa wao. Dk. Gutmann, hata kama mengine aliyoyafundisha yanabishaniwa hadi leo, alikuwa ameujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya kutunzana, kama askari wa zamani walivyokingana kwa ngao. Mkristo hakuachwa asimame peke yake. Mmoja alipozimia moyo, ilikuwa wajibu wa mwenzake kumwinua.

Tena walikuwa na jambo moja ambalo wao wenyewe hawakulichagua: kazi iliyowangoja. Mtoto alikuja shuleni asubuhi; mgonjwa aliita; maiti ilihitaji kuzikwa; kengele ya Jumapili ilipaswa kupigwa. Mwalimu hakungoja kwanza mashaka yake yaishe. Alikwenda akafanya, na katika kufanya akagundua kwamba Neno alilolisema lilikuwa na nguvu kuliko yeye aliyelisema.

Wazee wetu walikuwa na picha nzuri ya jambo hili katika mifereji yao ya kumwagilia, ile iitwayo mifongo. Mfereji hautoi maji. Maji hutoka juu, msituni na mlimani; kazi ya wenye mfereji ni kuusafisha na kuuziba panapovuja. Mtu angeushangaa mfereji unaojilaumu kwa kuwa hauna chemchemi ndani yake. Ndivyo alivyo mtumishi wa Kristo, na ndivyo Mtume Paulo anavyosema kwa mfano wake mwenyewe wa hazina iliyowekwa katika vyombo vya udongo (2 Wakorintho 4).

Mashaka yaliyopandwa na watu wengine

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo vitabu vya jubilei huliruka. Si kila mashaka ya mtu juu ya nafsi yake hutoka ndani yake mwenyewe. Mengine hupandwa. Mtu akiitwa mtoto siku zote, hata akiwa na wajukuu, mwishowe huweza kuamini kwamba yeye ni mtoto kweli. Utawala wa kikoloni uliwapandia baba zetu mbegu hiyo, na lazima tukiri kwamba Kanisa halikuwa huru na kosa hilo. Tangu Machame ilipoanzishwa mwaka 1893 hadi wachungaji wenyeji wa kwanza wa sehemu hii walipobarikiwa mwaka 1934, miongoni mwao Lazaro Laiser wa Arusha, ilipita miaka 41. Katika kipindi hicho walimu walikuwa tayari wamezichunga sharika peke yao. Walichungwa kama watu wasioweza, hali walikwisha kuweza.

Kwa hiyo tutofautishe. Unyenyekevu mbele za Mungu ni tunda la Roho. Humwambia mtu: bila Kristo huwezi neno lolote. Unyonge uliopandwa na wanadamu ni uongo. Humwambia mtu: wewe huna thamani, ngoja wenye thamani waje. Wa kwanza humpeleka mtu kwenye sala, na kutoka kwenye sala hadi kwenye kazi. Wa pili humfunga mikono. Imani ya Kikristo huulea ule wa kwanza na kuupinga huu wa pili, kwa maana msingi wake ni kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu na amenunuliwa kwa damu ya Kristo. Hakuna mwanadamu mwenye mamlaka ya kuishusha bei hiyo.

Miaka iliyofuata ilitoa ushahidi wake. Vita Kuu ya Pili ilipozuka na wamisionari Wajerumani wakatiwa kizuizini tena, hali haikuwa ile ya 1920. Walikuwapo wachungaji wenyeji, na wamisionari wa Augustana kutoka Singida walisaidia usimamizi. Mwaka 1955 Marangu ilipokea mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mkuu wake wa kwanza akawa Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa Mamba, aliyezaliwa mwaka 1906 na kubarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kati ya mwalimu wa kijiji wa mwaka 1920, aliyejiuliza kama anaweza kuongoza ibada, na mkutano ule wa 1977 ilipita miaka 57 tu.

Mafundisho kwa kizazi chetu

Katika siku zetu kuna mahubiri yanayosema kwamba mwenye imani ya kweli hana mashaka kamwe, na kwamba anayejitilia mashaka ana dhambi iliyofichika au pepo wa kukemewa. Mahubiri hayo huwaumiza wanyonge. Yanapingana na Maandiko, maana Bwana Yesu hakumfukuza yule baba aliyekiri kuamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake (Marko 9). Na yanapingana na historia tuliyoisimulia. Kutokana na historia hiyo napenda kukazia mambo manne.

Kwanza, mashaka si mwisho wa imani. Katika utangulizi wa maandiko yake wa mwaka 1539, Luther alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, kulitafakari Neno, na majaribu. Aliyahesabu majaribu kuwa shule, hakuyahesabu kuwa aibu.

Pili, faraja yetu iko nje yetu. Anayejitilia mashaka hataponywa kwa kujitazama zaidi, hata kama anatafuta mazuri ndani yake, kwa kuwa kesho ataona mabaya. Aelekezwe kwenye Neno linalohubiriwa, kwenye ubatizo wake, kwenye ondoleo la dhambi linalotamkwa kwa jina lake, na kwenye Chakula cha Bwana ambacho hupewa mkononi au kinywani, ili asiweze kudhani kwamba kilikusudiwa mwingine.

Tatu, mtu asiachwe peke yake. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537 Luther anaorodhesha njia ambazo Injili hutufikia, na baada ya mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na funguo za msamaha, anaongeza mazungumzo na kufarijiana kwa ndugu. Mwaka 1530, alipomwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyeishi nyumbani mwake akilea watoto na aliyelemewa na huzuni, alimsihi asikae peke yake, bali atafute wenzake, azungumze na hata acheze. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zina kazi hiyo. Ikiwa zimegeuka kuwa mahali pa kukusanya michango tu, tumepoteza njia moja ya Injili.

Nne, tutambue kwamba kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Mungu alimpa Eliya chakula na usingizi kabla ya mafundisho. Kanisa letu limelijua jambo hili kwa muda mrefu: Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, kazi inayofanyika hata leo. Mtu asiyelala, asiyekula, au anayetamani kufa, apelekwe kwa daktari na wakati huohuo aombewe. Hayo mawili hayashindani, maana yote ni mkono wa Mungu yuleyule.

Hitimisho

Tunapoanza miaka mingine mia moja, usharika wetu utahitaji wazee wa kanisa, wainjilisti, walimu wa shule ya Jumapili, wanakwaya na wachungaji. Wengi watakaoitwa watajibu kwamba hawafai. Wanaowaita wasishangae, wala wasiwabembeleze kwa sifa za uongo. Wawaambie tu kwamba wameingia katika mstari mrefu: Musa yumo, na Gideoni, na Luther aliyeomba siku moja zaidi, na Melanchthon aliyelia usiku, na Ganisya aliyekuwa mtumwa, na mwalimu yule wa kijijini ambaye jina lake halikuandikwa popote lakini aliipiga kengele Jumapili iliyofuata.

Wao walijiona hawatoshi, na kwa kweli hawakutosha. Aliyewatuma alitosha. Yeye aliyeianza kazi njema kwao na kwetu aikamilishe hata siku ya Kristo Yesu. Utukufu una yeye, sasa na hata milele. Amina.